Uzi wa mitiririko ya 3D: swali la tone la wino lililoniumbua

Chembe_Huru (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Nimekaa na hili jambo wiki kadhaa nikiona aibu kulileta hapa, leo litoke tu. Nilikuwa na simulesheni ya maji yanayopita kwenye nguzo ya mviringo iliyosimama wima. Kipenyo sentimita 10, maji yanakuja kwa sentimita 10 kwa sekunde. Anayezijua hizi hesabu ameshaona kwamba namba ya Reynolds, ile inayolinganisha msukumo wa maji na unato wake, inafika kama 10,000, kwa hiyo nyuma ya nguzo hakukaliki. Maji yanajikunja upande huu yanaachia, yanajikunja upande wa pili yanaachia, na kwa kuwa ni vipimo vitatu kila mkunjo una vijikunjo vyake vinavyopanda na kushuka.

Nikachukua faili la sekunde moja tu, nikarusha mistari ya mkondo kama mia mbili, nikaipa unene ikawa mirija, nikaipaka rangi kufuata kasi, nikaweka na taa. Ilitoka picha, wakuu, ungedhani imepigwa kwa kamera. Nikaenda kuiwasilisha. Mmoja wa wasikilizaji, mtu mpole tu, akaelekeza kalamu kwenye mrija mmoja unaoanzia nyuma ya nguzo akauliza: "Nikidondosha tone la wino hapa, litapita humu?"

Nikajibu ndiyo. Tena kwa kujiamini.

Akasema, "Sidhani," akaendelea kuandika mambo yake. Ukumbi mzima kimya, mimi na rimoti yangu mkononi.

Kosa langu ni hili. Mstari wa mkondo unachorwa kwa kugandisha wakati. Unasimamisha maji yote, unasoma mishale ya kasi ilivyo sekunde ileile, halafu unatembea ukifuata mishale. Lakini tone la wino halitembei ndani ya wakati uliogandishwa. Likifika sentimita tano mbele, mishale ya pale imeshageuka. Njia ambayo tone lingepita kweli ni kitu kingine, inaitwa njia ya chembe, na ili kuichora unahitaji data ya nyakati zote, siyo ya faili moja.

Kuna aina ya tatu ambayo wengi tunaisahau: mstari wa wino wenyewe. Huu ni ule unaoupata ukishika bomba la wino sehemu moja bila kulisogeza na kuacha wino utoke mfululizo. Osborne Reynolds alipofanya jaribio lake la mwaka 1883 la bomba la kioo, uzi wa rangi aliouona ukinyooka na baadaye kuvurugika ulikuwa wa aina hii. Moshi wa kwenye handaki la upepo vilevile. Ndiyo maana picha za maabara na picha zetu za kompyuta mara nyingi hazifanani hata kama simulesheni iko sahihi. Tunalinganisha mstari wa mkondo na mstari wa wino halafu tunashangaa.

Naomba tujadili: ninyi mnaochora mitiririko ya 3D mnatumia mbinu gani, na ilishawahi kuwaumbua vipi?

---

Mgeni_wa_Gridi

Mkuu samahani, mimi bado mchanga kwenye haya mambo. Nimejaribu mistari yote mitatu kwenye data yangu ya bomba lililopinda, zote zimelaliana kabisa. Au programu yangu ina kasoro?

---

Chembe_Huru

@Mgeni_wa_Gridi programu yako ni nzima. Mtiririko wako haubadiliki na wakati. Mishale ikibaki vilevile milele, mstari wa mkondo, njia ya chembe na mstari wa wino vinakuwa kitu kimoja. Endelea na mistari ya mkondo kwa amani. Mimi ndiye niliyekuwa na maji yanayobadilika kila sekunde nikayafanyia yanayofaa maji yako.

---

NguzoYaMaji

Nimekuelewa sana, ila mimi ningeuliza la awali kabla ya mistari. Kwa nini usitumie mishale tu? Kila nukta ya gridi na mshale wake, mwelekeo na ukubwa vyote vinaonekana, hakuna kudanganyana.

---

Bi_Vekta

@NguzoYaMaji kwenye karatasi ya vipimo viwili nakubaliana nawe. Kwenye 3D jaribu mara moja utanikumbuka. Gridi ya 100 kwa 100 kwa 100, ambayo ni ndogo, ina nukta milioni moja. Mishale milioni moja kwenye skrini yenye pikseli milioni mbili. Unapata nungunungu. Mishale ya mbele inaficha ya nyuma, na mshale unaokuelekea wewe unaonekana kama nukta, kwa hiyo palipo na kasi kubwa panaonekana kama pametulia.

Mishale naitumia kwenye bamba tu. Nakata data kwa bapa moja, naweka mishale michache, napima. Hapo ni zana nzuri na ya heshima. Lakini angalia, ukilalisha mishale kwenye bapa unatupa sehemu ya kasi inayotoboa bapa, basi angalau ipake rangi kuonyesha kinachotoboa.

Shida kuu ya 3D siyo uchache wa taarifa, ni kufichana. Mbinu karibu zote zilizobuniwa ni namna tofauti za kuamua nini kisichorwe.

---

MzeeWaMatriki

Dada Bi_Vekta kamaliza hapo mwisho. Naomba nishushe nondo moja kuhusu mirija ya mwanzisha uzi, maana kuna tatizo la pili hakulitaja.

Mistari ya mkondo inategemea anayetazama yuko wapi. Chukua voteksi moja, yaani maji yanayojizungusha, inayosafiri na mkondo. Ukiwa umekaa kwenye mtumbwi unaoenda nayo, mistari inajifunga duara zuri. Ukisimama ukingoni, unajumlisha mwendo wa maji yote kwenye kila mshale, na ikiwa mwendo huo ni mkubwa kuliko mzunguko, duara linapotea. Unaona wimbi tu, mistari inayopanda na kushuka. Voteksi ipo palepale, maji ni yaleyale, lakini picha inasema haipo.

Kwa hiyo ukitaka kuuliza "voteksi ziko wapi", usiulize mistari. Uliza jinsi kasi inavyobadilika kutoka nukta hadi nukta. Kila nukta ina matriki (jedwali la namba) ya 3 kwa 3 ya mabadiliko hayo, na ukijumlisha mwendo wa mtumbwi matriki haiguswi, kwa sababu kitu kisichobadilika hakina mabadiliko. Gawa matriki vipande viwili: kimoja kinaeleza kuzunguka, kingine kunyooshwa na kubanwa. Chukua ukubwa wa kuzunguka kipeo cha pili, toa ukubwa wa kunyooshwa kipeo cha pili, gawa kwa mbili. Hiyo ndiyo Q, ya Hunt, Wray na Moin, mwaka 1988. Palipo na Q chanya, kuzunguka kumeshinda. Jeong na Hussain wakaja mwaka 1995 na kipimo kingine, lambda-2, chenye undugu wa karibu na hicho.

---

NguzoYaMaji

Mzee shikamoo. Sasa si tungepima mzunguko wenyewe tu? Yaani vortisiti. Kwa nini kutoa kunyooshwa?

---

MzeeWaMatriki

Marahaba. Swali zuri sana, na jibu lake liko ukutani.

Chukua maji yanayopita juu ya sakafu. Chini kabisa yamesimama, juu yanakwenda, katikati kasi inapanda sawasawa. Tabaka juu ya tabaka, kama karata zinazoteleza. Hakuna kinachojizungusha hapo, sivyo? Lakini piga vortisiti utapata namba kubwa, kwa sababu karata ya juu inaiacha ya chini. Sasa piga Q: kuzunguka na kunyooshwa vinatoka sawasawa kabisa, unapata sifuri. Q imekataa kudanganywa na ukuta.

Ndiyo maana ukichora uso wa vortisiti karibu na nguzo ya mwanzisha uzi, utapata blanketi lililoizunguka nguzo na kuficha kila kitu. Ukichora Q, blanketi linaondoka na mirija ya voteksi inabaki.

Tahadhari kwa wanaochora mashine zinazozunguka kama pangaboi na tabo: Q haijali ukienda nayo kwa mstari ulionyooka, ila ukizunguka nayo inabadilika. Hapo hakikisha umejua kasi zako zimepimwa kutoka kwenye kiti kipi.

---

Kimya_Kingi

Napita tu kusoma, leo uzi umeenda shule. Ila mzee, Q ni namba kwenye kila nukta. Tunaionaje?

---

Bi_Vekta

@Kimya_Kingi unachagua thamani moja, mfano Q ya 1, unachora uso unaopita kila mahali penye thamani hiyo. Kama mistari ya mwinuko kwenye ramani, ila hapa badala ya mstari unapata ngozi.

Mashine yake ni ya Lorensen na Cline, 1987. Walikuwa na picha za hospitali mezani, wala hawakuwa wakifikiria maji. Chukua mchemraba mmoja wa gridi, una pembe nane. Kila pembe iko juu au chini ya thamani uliyochagua, kwa hiyo kuna hali 256 tu zinazowezekana. Ukigeuzageuza mchemraba, na ukihesabu juu na chini vikibadilishana kuwa hali moja, hali hizo zinapungua hadi 15. Unaandaa jedwali la pembetatu kwa kila hali, halafu unatembea mchemraba mmoja baada ya mwingine ukisoma jedwali. Kwisha habari.

Ila hapa kuna udanganyifu wa heshima ambao karibu kila mtu anaufanya, na mimi nimo. Thamani ya kukatia nani anaichagua? Wewe. Weka Q ndogo, unapata msitu. Weka kubwa, unapata voteksi tatu safi na msomaji anadhani mtiririko ni mpole. Nimeshaona data ileile ikitetea hoja mbili zinazopingana kwa kusogeza kitufe kimoja.

Mimi siku hizi nachora tatu: ndogo, ya kati na kubwa, nazitoa zote. Na naigawa Q kwa kasi ya maji kipeo cha pili juu ya kipenyo kipeo cha pili, ili mwenzangu mwenye nguzo ya ukubwa mwingine aweze kulinganisha. @Chembe_Huru wewe una bahati, kasi yako ukiigawa kwa kipenyo chako unapata 1 kamili, huna cha kugawa.

---

Mgeni_wa_Gridi

Naomba niingize langu. Kwenye jaribio jingine nina voteksi moja iliyosimama, nimechora mstari wa mkondo katikati yake. Nilitegemea duara, napata konokono anayefunguka kwenda nje. Nikadhani nimegundua kitu, hata kichwa cha ripoti nimeshaandika.

---

Chembe_Huru

Kifute hicho kichwa haraka mkuu 😀 Unatumia mbinu gani ya kutembea? Ile ya Euler?

---

Mgeni_wa_Gridi

Ndiyo, nimeiandika mwenyewe. Naangalia mshale, naruka hatua, naangalia mshale, naruka hatua.

---

Chembe_Huru

Basi chukua karatasi tufanye pamoja. Mzunguko safi: ukiwa umbali wa mita 1 kutoka katikati, kasi ni mita 1 kwa sekunde, na mshale unaelekea pembeni kabisa, pembemraba na nusu kipenyo. Hatua yako sekunde 0.1.

Umesimama kwenye duara. Unaruka sentimita 10 kwa mstari ulionyooka. Lakini duara linapinda, wewe hukupinda, kwa hiyo umetua nje kidogo ya duara. Pythagoras anakwambia uko mita 1.005 kutoka katikati. Unasema si kitu. Ruka tena, umetoka tena. Kuzunguka mara moja kunahitaji hatua 63 hivi, na kila hatua inazidisha kwa 1.005. Ukirudi ulipoanzia uko mita 1.37. Umetoka nje kwa asilimia 37 kwa mzunguko mmoja tu! Huyo konokono hayumo kwenye maji, yumo kwenye kodi yako, yaani msimbo uliouandika.

Tumia Runge-Kutta ya daraja la nne. Inachungulia mshale mara nne kwa kila hatua kabla ya kuruka. Kwa hatua ileile ya 0.1, kosa la umbali kutoka katikati baada ya mzunguko mzima halifiki sehemu moja kwa milioni. Kazi mara nne, faida hiyo unaiona mwenyewe. Programu ya kuchora data ya ParaView na ndugu zake wanaojengwa juu ya VTK (maktaba ya kodi za kuchora) wanazo hizi mbinu tayari, pamoja na zile zinazorefusha na kufupisha hatua zenyewe.

---

Mgeni_wa_Gridi

Imekubali!! Duara. Mbona hawakutuambia hivi mapema. Asante sana mkuu.

---

Kimya_Kingi

Konokono wa kodi 😂😂 hii naibeba.

---

NguzoYaMaji

Turudi kwa mirija mia mbili ya mwanzisha uzi. Uliianzishia wapi? Maana naona watu wanaweka mpira wa mbegu, yaani nukta za kuanzia mistari, katikati ya data na kuita siku.

---

Chembe_Huru

Umenikamata. Niliweka mpira, nikausogeza mpaka picha ikapendeza. Ukweli ndio huo.

---

Bi_Vekta

Na hapo ndipo mbinu hii inapokuwa na hatari yake. Mstari unaonyesha ulipopita tu. Voteksi iliyoko sentimita mbili pembeni ya mbegu zako haipo kwenye picha, na hakuna alama inayosema haikutazamwa. Zaidi ya hapo, maji yanakusanya mistari yenyewe. Utaanza na mbegu zilizopangwa vizuri, mbele utakuta mistari imesongamana sehemu moja na sehemu nyingine patupu. Msomaji ataona msongamano na kudhani kuna kasi, kumbe ni bahati ya mbegu.

Jobard na Lefer mwaka 1997 walitoa njia ya kupanga mistari kwa nafasi sawa: chora mmoja, panda mbegu pembeni yake kwa umbali uliouchagua, na mstari ukikaribia mwenzake mno ukate. Kwenye vipimo viwili inapendeza kama nywele zilizochanwa. Kwenye 3D, hata mistari ikiwa na nafasi sawa angani, ukiitazama kutoka upande mmoja inapandana tu.

Mimi ninachokipenda ni shuka. Badala ya mbegu nukta, unaweka fimbo ya mbegu, na mistari yote inayotoka kwenye fimbo unaishona pamoja kuwa kitambaa. Hultquist alionyesha mwaka 1992 jinsi ya kukishona vizuri: mistari miwili ikiachana mno unaingiza mpya katikati, ikibanana unaunganisha, na ikikutana na kizuizi unachana kitambaa. Kitambaa kina kivuli na mikunjo, jicho linasoma umbo mara moja. Mistari mia mbili haina uwezo huo. Weka fimbo wima mbele ya nguzo yako uone itakavyopasuka na kujiviringisha nyuma.

---

MzeeWaMatriki

Nami naongeza picha ya mchanga, yaani ile LIC (line integral convolution) ya Cabral na Leedom, 1993. Unaanza na picha ya chengachenga, kila pikseli na rangi yake ya bahati nasibu. Halafu kwa kila pikseli unafuata mstari wa mkondo mbele kidogo na nyuma kidogo, unachukua wastani wa chengachenga ulizozikanyaga. Pikseli zilizo kwenye mstari mmoja zinafanana, za mistari tofauti hazifanani. Picha nzima inakuwa kama mchanga uliochorwa na upepo. Haina mbegu, kwa hiyo hakuna kona iliyosahaulika.

Itumie juu ya nyuso: ngozi ya nguzo, ubawa wa ndege, bapa ulilokata. Inaonyesha mahali maji yanapong'oka ukutani kwa uwazi ambao mishale haijawahi kuufikia. Kuijaza kwenye ujazo wote wa 3D inawezekana, ila matokeo ni godoro la pamba, unaanza kutafuta namna ya kulitoboa.

---

Kimya_Kingi

Mimi yangu ni dogo. Rangi. Nimezoea upinde wa mvua, bluu mpaka nyekundu. Kuna ubaya?

---

Bi_Vekta

Upo. Njano inang'aa kuliko jirani zake, kwa hiyo inachora mpaka mkali mahali ambapo data inapanda taratibu tu. Nimeshasikia mtu akieleza "tabaka" kwenye mtiririko wake, na tabaka lilikuwa njano. Kijani nayo inakaa eneo kubwa na kumeza mabadiliko yaliyomo. Halafu kuna wasiotofautisha nyekundu na kijani. Kwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini ni karibu mwanaume mmoja kati ya 12.

MATLAB (programu ya hesabu) waliuacha upinde kama chaguo la mwanzo mwaka 2014, matplotlib (maktaba ya michoro) wakafuata mwaka 2017 wakaweka rangi za viridis, ambayo mwanga wake unapanda sawasawa. Kwa kasi na presha chukua ya namna hiyo. Kwa vitu vyenye chanya na hasi, kama voteksi za kulia na za kushoto, chukua rangi mbili zinazokutana kwenye weupe, na uhakikishe weupe uko kwenye sifuri. Programu nyingi zinaweka weupe katikati ya ndogo na kubwa kabisa. Hiyo siyo sifuri!

---

NguzoYaMaji

@Chembe_Huru hujasema kwa nini hukutumia njia za chembe toka mwanzo. Si ulikuwa na simulesheni nzima?

---

Chembe_Huru

Hapa ndipo aibu ya pili ilipo, nilikuwa naivizia ipite 😅

Nilijaribu usiku uleule baada ya kuwasilisha. Nilikuwa na faili moja kwa kila sekunde 5. Kwa nini 5? Diski. Meshi yangu, yaani gridi ya simulesheni, ina seli milioni 20. Kasi tatu na presha moja, baiti nne kila namba, ni megabaiti 320 kwa kila faili. Nikaona nihifadhi kwa uchache.

Sasa, nguzo inaachia voteksi kwa namba ya Strouhal (mara za kuachia kwa sekunde, zidisha kipenyo, gawa kwa kasi) ya karibu 0.2. Kipenyo sentimita 10, kasi sentimita 10 kwa sekunde: kipindi kimoja ni sekunde 5 hivi. Yaani nilikuwa napiga picha moja kila mara maji yanaporudi kwenye mkao uleule! Nikacheza animesheni, voteksi zimesimama. Nikakaza macho, naona zinatambaa. Kurudi nyuma. Kuelekea kwenye nguzo, kinyume cha maji. Kipindi halisi kilikuwa sekunde 5 na ushee, kwa hiyo kila picha ilizikuta zimepungukiwa kidogo kufika zilipokuwa zile zilizotangulia. Kama gurudumu la gari kwenye filamu.

Na ukitaka kutembeza chembe kati ya faili mbili, programu inachanganya la kwanza na la pili. Voteksi ikiwa kushoto kwenye faili la kwanza na kulia kwenye la pili, katikati ya muda huo ungependa voteksi moja katikati. Mchanganyiko haukupi hiyo. Unakupa mbili zenye nusu nguvu, moja kushoto moja kulia, na katikati patupu. Chembe zinazungushwa na mizimu.

---

MzeeWaMatriki

Na usijilaumu sana, tatizo la diski ni la wakubwa pia. Gridi ya 1024 kila upande ina nukta zaidi ya bilioni moja. Kwa hesabu yako ileile ni zaidi ya gigabaiti 17 kwa wakati mmoja tu. Nyakati elfu moja ni terabaiti 17. Kompyuta kuu zinakokotoa haraka kuliko zinavyoweza kuandika, kwa hiyo siku hizi picha inachorwa simulesheni ikiwa inaendelea, data ikiwa bado kwenye memori, halafu data yenyewe inatupwa. ParaView wana Catalyst kwa kazi hiyo. Gharama yake ni kwamba lazima ujue unauliza nini kabla hujaanza. Ukikumbuka swali keshoye, data haipo.

Kwako wewe hata Catalyst si lazima. Ingiza chembe ndani ya simulesheni yenyewe, uandike chembe tu. Chembe laki moja, namba tatu kila moja, ni megabaiti 1.2 kwa kila tukio, yaani kila wakati unaoandika. Unaweza kuandika matukio 2,000 ukatumia gigabaiti 2.4. Kuhifadhi meshi nzima kwa kasi hiyo kungekula gigabaiti 640.

Ukishakuwa na chembe nyingi hivyo unaweza pia kuangalia majirani wawili wameachana kiasi gani baada ya muda fulani. Palipo na kuachana kukubwa kuna ukuta usioonekana unaotenganisha maji ya hatima mbili. Kazi za George Haller za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndizo zilizofungua mlango huo. Kwa swali la tone la wino, hiyo ndiyo silaha.

---

Chembe_Huru

Nimerudi wakuu, samahani kwa kupotea siku tatu, simulesheni ilikuwa inaendelea.

Nimefanya kama mzee alivyoelekeza. Matukio 100 kwa kila kipindi. Nikaweka tufe la chembe 5,000, upana nusu sentimita, palepale kalamu ilipoelekezwa. Mwanzoni tufe linasogea likiwa zima, karibu na mrija wangu wa zamani, nikaanza kujipa moyo. Halafu linavutwa linakuwa utepe. Utepe unakuwa kitambaa, kitambaa kinakunjwa, na kabla ya nusu kipindi kimechanika: kundi moja limechukuliwa na voteksi ya kushoto, jingine limebaki linazunguka nyuma ya nguzo kama watu waliokosa basi. Kuna vichembe vimepanda juu kufuata nguzo, upande ambao mrija haukugusa kabisa. Nimechora mrija wa zamani kwa kijivu juu ya animesheni hiyo. Ukishapita umbali wa kipenyo kimoja nyuma ya nguzo, hakuna hata chembe moja ndani ya mrija huo.

Nimeweka rangi kwa kila chembe kulingana na nusu ya tufe ilikotoka, kushoto na kulia. Sehemu ilipochanika ndipo rangi mbili zilipotengana, karibu kwa usafi.

Nimemtumia yule bwana mpole. Amejibu kwa mstari mmoja: "Safi. Na ukilidondosha sekunde mbili na nusu baadaye?"

Feni ya kompyuta inavuma tangu asubuhi.